Bastola Ndogo ya Baba

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha Amerat mpaka leo. Baba alikuwa akisafisha bastola yake kwa mafuta hayo kila Ijumaa asubuhi, ameketi juu ya jamvi, kitambaa cheupe kimetandikwa mbele yake, na vipande vya chuma amevipanga kwa adabu kama mtu anayeandaa chakula cha wageni. Harufu ile ilichanganyika na ya sufi, kwa sababu bastola ilitoka Unguja ndani ya mto wa kulalia. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyeishonea humo mwaka ule wa sitini na nne tulipotoka na roho zetu tu. Akaulalia mto wake safari nzima melini, na kila aliyekuja kutupekua aliambiwa na Bibi kwamba shingo inamuuma, asiguswe. Hawakumgusa. Tulipofika Maskati akaupasua ule mto kwa kisu cha jikoni, sufi ikatapakaa chumba kizima, na Baba akacheka huku machozi yanamtoka. Nyumba tuliiacha, karafuu tuliziacha juani, vitanda na makabati tuliviacha, na kitu kilichookoka kilikuwa kidogo kiasi cha kumezwa na kiganja chake.

Jamaa mmoja wa ukoo wetu alitupa bustani yake ya mitende tuitunze, huko Amerat, nyuma ya milima ya Maskati. Siku hizo ukisema Amerat watu walikuonea huruma. Hapakuwa na barabara. Palikuwa na njia ya punda juu ya mawe, na mtu aliyeondoka alfajiri alifika Matrah, bandarini, jua limeshakuwa kali. Baba alipata ukarani katika ghala la mfanyabiashara mmoja huko Matrah, kwa hiyo alikuwa anakuja Alkhamisi na kuondoka Ijumaa baada ya sala. Siku nyingine zote tulibaki watatu: Mama, Bibi, na mimi, niliyefikisha miaka tisa huko huko. Kijiji chenyewe kilikuwa ng'ambo ya wadi, lile bonde pana la changarawe ambalo mwaka mzima huwa kavu, ila mvua ikinyesha milimani hugeuka mto kwa saa chache. Huko ng'ambo ndiko alikokuwa akikaa Mzee Khalfan, mkubwa wa kijiji, na mkewe Bi Zuwena, aliyekuwa mkunga wa bonde lote. Upande wetu hapakuwa na mtu mwingine.

Sitaki kuisingizia bastola ile. Ilikuwa na kazi zake. Mbweha waliokuja kunyemelea kuku wetu walikimbia kwa mlio wake, na wiki nzima hawakurudi. Nyoka aliyejizungusha penye mdomo wa kisima aliuawa kwa risasi ya tatu, na Bibi akasema fimbo ya mchungaji ingemaliza kazi ile mapema zaidi na bila kelele. Punda wetu alipovunjika mguu kwenye mawe, Baba alimwekea mtutu nyuma ya sikio, akasoma bismillahi, na mnyama akapumzika bila kuteseka. Kwa kazi ya karibu, ya hatua mbili tatu, ilifaa. Lakini siku alipotokea mbwa mwitu mchana kweupe akamkamata mwanambuzi, Baba alimpiga kutoka kwenye kizingiti cha mlango, na wallahi nilimwona yule mnyama akishtuka kidogo, akageuza shingo kututazama, kisha akaendelea na safari yake na mwanambuzi wetu mdomoni. Tulisikia kilio cha mwanambuzi mpaka nyuma ya kilima. Baba aliingia ndani, na chakula cha mchana hakukigusa.

Wanaume wa ng'ambo walikuwa na bunduki ndefu, za babu zao, zilizofungwa pete za fedha. Mwanamume akienda kunywa kahawa kwa mwenziwe alitundika bunduki yake ukutani, watu wote waione, ndipo akaketi. Baba alipokwenda mara ya kwanza aliketi bastola ikiwa mfukoni, na kumbe kwao hilo ni jambo baya sana, silaha iliyofichwa nguoni mwa mgeni. Akaambiwa kwa upole aitoe. Alipoitoa, Mzee Khalfan aliiweka kiganjani, akaigeuza huku na huku, akauliza, "Hii, ya mama watoto?" Wakacheka baraza zima. Baba alitusimulia mwenyewe usiku ule na akajaribu kucheka pia, ila Mama alimjua mumewe. Alimwekea sukari zaidi kwenye chai. Toka siku ile Baba akawa anaisifu bastola yake mno. Kila Ijumaa, akishaifuta mafuta, alituambia maneno yale yale: "Mkipatwa na lolote mimi sipo, pigeni juu mara tatu. Watu watakuja."

Hapo ndipo penye kosa letu, nami nimelizungusha kichwani maisha yangu yote. Kwetu Unguja, huko shamba, risasi ikilia mchana au usiku ilikuwa na maana moja tu: kuna mtu ana shida, ameingiliwa na mwizi au nyumba inaungua, na kila mwenye panga alitoka mbio. Baba alikulia ndani ya maana hiyo. Hakuona haja ya kumweleza mtu, maana nani hueleza kitu ambacho kila mtu anakijua? Na huku ng'ambo bunduki zililia kwa furaha. Bwana harusi akifika, risasi. Mtu akirudi kuhiji, risasi. Mtoto wa kiume akizaliwa, risasi, na nyumba za jirani hujibu kwa risasi zao, ndiyo hongera. Tulikuwa tumezisikia miaka mitatu. Kila zilipolia Bibi aliingia chini ya kitanda na kuanza kusoma dua, kwa yale masikio yake ya Januari ile ya mapinduzi, mpaka Mama amshike mkono na kumwambia, "Mama, ni harusi tu." Kwa hiyo tulijua vizuri kwamba wao hupiga kwa furaha. Lakini hapana hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba wao hawajui sisi hupiga kwa shida.

Mama alikuwa na mimba. Bi Zuwena alikwisha kuja mara mbili kumpapasa tumbo, akasema bado wiki chache, na akasema ni mwanamume kwa jinsi tumbo lilivyokaa. Basi ikanyesha milimani usiku kucha, na asubuhi wadi ilikuwa imefurika, maji ya rangi ya chai ya maziwa yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, yanasukuma mawe na magogo ya mitende, na kwa mngurumo wake hukuweza kumsikia mtu aliyesimama ubavuni mwako. Asubuhi hiyo hiyo uchungu ukamshika Mama. Bibi hakubabaika. "Mimi n'nazaa toka sijaota meno ya mwisho," alisema, "kachemshe maji wewe." Mtoto alitoka salama, wa kiume kweli, akalia kwa nguvu, na Bibi akamfuta na kumfunga kanga, tukacheka. Halafu damu ya Mama haikukatika. Bibi alibana, alisugua tumbo, alichoma udi, alisoma. Alibadilisha kanga baada ya kanga. Nikamwona uso wake umebadilika, nikajua.

"Lete kile kitu cha babako," akaniambia.

Nikaitoa kabatini. Bibi yule, aliyeogopa mlio wa bunduki kuliko jini, akasimama mlangoni, akaielekeza mbinguni kwa mikono miwili, akafumba macho na kupiga. Mara tatu, kama tulivyofundishwa. Mimi nilikimbia mpaka ukingoni. Maji yalikuwa yameanza kupungua kidogo, na ng'ambo niliwaona watu wametoka nje, wanaume, na wanawake nyuma yao. Nikapunga kanga. Nikapiga kelele mpaka koo likaniwasha, "Njooni! Mama anakufa!" Sauti yangu yote ililiwa na maji. Wao wakapunga pia. Kisha nikaona bunduki zimeinuliwa, na bonde zima likalia, risasi juu ya risasi, na milima ikarudisha.

Nilirudi mbio nikipiga mayowe ya furaha. "Bibi, wamejibu! Wamesikia!" Bibi akasema, "Alhamdulillahi, Alhamdulillahi," akamwinamia Mama na kumpangusa jasho. "Vumilia mwanangu, watu wanakuja. Bi Zuwena anakuja." Mama alifumbua macho akatabasamu. Alisema, "Mwambieni alete ile mizizi yake." Tukangoja. Maji yalipungua hadi kiuno cha mtu mzima, kisha chini ya kiuno, na hatukuona mtu. Bibi akatoka tena, akapiga risasi zilizobaki moja moja, na baada ya kila moja alinyamaza kusikiliza. Walijibu kila moja. Mwishoni walijibu kwa wingi zaidi kuliko mwanzo, wakijua sasa kwamba sisi watu wa Unguja tuna furaha kubwa mno ya huyu mtoto. Bastola ilipobakia kulia kavu, tak, tak, Bibi aliendelea kuvuta kidole tu.

Mama alikufa kabla ya adhuhuri. Alikufa akiamini watu wako njiani.

Walifika maji yalipokuwa ya magotini. Walikuja kwa msafara, Mzee Khalfan mbele na bunduki begani, Bi Zuwena na sahani ya halua kichwani, wanawake na birika za kahawa, na vigelegele vilianza mbali. Nilisimama kizingitini nikawatazama wanavyokuja. Nilikuwa na jiwe mkononi, sijui nililiokota wapi. Bi Zuwena aliniona mimi kwanza, akamwona Bibi aliyeketi chini na damu mpaka viwikoni, na sahani ikamponyoka. Akaingia ndani na kutoka akijipiga kifua. "Tungejua!" Mzee Khalfan alikuwa akisema kwa Kiarabu, analia kama mtoto. "Wallahi tungejua tungefunga kamba, tungevuka saa ile ile. Tulidhani mnatupa bishara, habari njema ya mtoto." Nilikuwa nimeshajua Kiarabu chao, nikamtafsiria Bibi neno kwa neno. Bibi akaniuliza, "Walidhani nini?" Nikarudia. Akaniuliza tena, na tena, kama kwamba kosa liko kwenye tafsiri yangu.

Bi Zuwena aliniambia baadaye kwamba damu ya namna ile alishaizuia kwa wanawake wengine wawili. Sijui kwa nini aliniambia. Labda alikuwa akijiadhibu. Laiti asingeniambia.

Na bado halijesha. Njia ya kwenda Matrah kutoka kijijini haivuki wadi, na asubuhi ile, mara tu walipojibu risasi za kwanza, walimtuma mtu ampelekee Baba habari njema. Baba akavua saa yake ya mkono akampa, ndiyo desturi ya mleta bishara, akawanunulia halua makarani wenziwe, akaomba ruhusa. Alifika kesho yake na kitambaa cha hariri cha kijani kwapani kwa ajili ya Mama. Tulikwisha kumzika. Alisimama mbele ya kaburi na kitambaa chake, akaniuliza mimi, si Bibi, "Hamkupiga?" Nikamwambia tulipiga. "Mara tatu?" Nikamwambia tulizimaliza zote. Akatingisha kichwa polepole, na sikuwahi tena kumwona akisafisha bastola Ijumaa.

Niliwachukia watu wale. Niliwachukia wakati wanamlea ndugu yangu, maana binti wa Bi Zuwena ndiye aliyemnyonyesha pamoja na wa kwake mpaka akatembea. Nilimchukia Baba kwa ile mara tatu yake. Kile kichuma nilikichukia zaidi. Kama tungekuwa hatuna kitu chochote, Bibi angelitia moto paa la makuti, na moshi ukitoka juu ya nyumba ya mtu hapana anayesema ni harusi.

Leo Amerat ina barabara inayopasua mlima, na kutoka kwangu Mawaleh, huko huko Maskati, nafika kwa ndugu yangu kabla kahawa yangu ya kikombe haijapoa. Juu ya wadi kuna daraja. Ndugu yangu Salum ni mtu mkubwa serikalini, nyumba yake imejengwa pale pale bustanini petu, na bastola ya Baba, iliyozibwa mtutu, ameitia kwenye fremu ya kioo ukutani mwa baraza yake. Wageni wakiuliza huwaambia kwamba silaha ile ilitulinda. Huwaambia pia, kwa furaha isiyo na hatia, kwamba siku aliyozaliwa bonde zima lililia kwa risasi, pande zote mbili, na kwamba hakuna mtoto mwingine wa Amerat aliyepokewa vile. Anajua mama yake alifariki siku hiyo. Hayo mengine anayajua pia, nilimwambia mwenyewe alipokuwa kijana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachagua ile nusu anayoweza kuishi nayo. Simlaumu. Lakini nikienda kwake huketi upande wa mlango, nikaupa ukuta ule mgongo.

Sikukuu iliyopita mjukuu wake wa kike, ana miaka tisa kama mimi siku zile, alikuja akaniegemea na kuniuliza hicho kitu ukutani kilikuwa cha nini. Salum alikuwa anatusikia. Nikamsimulia yote, mbweha, punda, mbwa mwitu, kisha wadi na kanga na risasi. Alisikiliza kwa makini sana, uso umemkunjamana, akiwa na simu mkononi.

"Sasa Bibi, kwa nini hamkupiga simu?"

"Hiyo hapo ukutani ndiyo ilikuwa simu yetu," nikamwambia. "Tulipiga, mwanangu. Wakapokea. Wakatupa hongera."