Siku mpwa wangu aliporusha ndege ya Kapteni, maharage ya kijiji yakiwa yameanikwa uwanjani

Wakuu, poleni na mihangaiko. Wakubwa zangu shikamooni, rika langu tupeane tano tu.

Hiki ninacholeta kimetokea kwetu Same, huku bondeni Kisiwani, na nilikuwepo mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kusema ni chai aagize na chapati kabisa, maana shahidi wangu ni kijiji kizima.

Kuna mzee huku tunamwita Kapteni. Alikuwa rubani maisha yake yote ya kazi. Wenzake wakistaafu wananunua Coaster, yeye alinunua kindege kikuukuu cha watu wawili. Akasawazisha kipande cha shamba lake, akamwaga changarawe, akajenga banda la mabati. Huo ndio uwanja wetu wa ndege, msicheke.

Kapteni anaruka Jumamosi tu. Hata mbuzi wanajua.

Sasa elewa kitu kuhusu milima yetu. Kule juu Mbaga ni ukungu na baridi, maharage hayakauki, yanaota kuvu. Kwa hiyo wakati wa mavuno watu wa juu wanateremsha maharage kuja kuanika kwetu bondeni, kwenye jua lenyewe. Na uwanja wa Kapteni ni mpana, hauna majani. Jumatatu hadi Ijumaa ni maturubai mwanzo mwisho. Mzee hajawahi kukataza, anachotaka ni yawe yameanuliwa Ijumaa jioni.

Tuje kwa Endi.

Endi ni mtoto wa dada yangu. Jina lake kamili Niendiwe, ana miaka kumi na sita, mdomo hauna breki. Likizo anakaa kwangu. Alijitafutia kazi ya kuosha ndege ya Kapteni, na malipo yake ni kupandishwa. Mdogo mdogo mzee akamwachia ashike usukani angani, baadaye hata kutua, mwenyewe akiwa pembeni na mikono tayari.

Krismasi tukakusanyika ukoo mzima Mbaga kwa Bibi, yaani mama yangu mzazi. Endi akasema mbele ya watu, "Bibi, mimi naendesha ndege."

Bibi alicheka hadi akashika ubavu. "Baiskeli yenyewe hujui! Mwongo we!"

Jina likaganda. Sikukuu nzima ikawa Mwongo njoo, Mwongo lete chumvi. Mtoto alicheka nao, ila mimi nilimwona. Wakati tunarudi akaniambia, "Mjomba, iko siku nitapita juu ya paa lake."

Nikajua ni hasira za kitoto, zitapita.

Hazikupita.

Ilikuwa Jumanne ya likizo iliyofuata, wakati wa mavuno. Kapteni ameondoka alfajiri kwenda Same mjini kutafuta spea. Ufunguo wa ndege huwa anautundika msumarini nyuma ya mlango wa jikoni. Ungemuuliza angekujibu, nani kijijini ataiba ndege aipeleke wapi?

Niko kwangu nakunywa uji, nasikia injini. Nikasema mzee amewahi kurudi. Natoka nje, ndege inapita juu ya migomba yangu, ndani yake naona kofia nyekundu. Kofia ya Endi. Nimemnunulia mimi mwenyewe.

Wakuu, kikombe nilikuwa nacho mkononi. Uji wote ulinimwagikia. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, nitamwambia nini dada yangu.

Ndege ikakata kona ikaelekea Mbaga.

Huku kwetu mtandao unapatikana kwenye kichuguu kimoja karibu na barabara. Nikakimbia hadi huko, nikampigia Kapteni. Akasema, "Nakuja. Uwanja uwe wazi." Akakata.

Endi aliruka uwanja ukiwa bado mtupu; narudi huko mbio, nakuta maturubai tayari yametandikwa, maharage yamemwagwa. Pickup ya kutoka mlimani imeshafika. Na katikati ya uwanja, amejifunga kitenge kiunoni, anasimamia maharage yake, ni mama yangu.

Bibi mwenyewe! Hajawahi kuja kuanika, kazi hiyo huwa naifanya mimi. Mwaka huu aliamua kushuka kwa sababu anadai mwaka jana nilimrudishia pungufu. (Si kweli, ila tuliache.)

Kwa hiyo mjukuu yuko juu Mbaga anazunguka nyumba yenye kuku na mbwa tu, ili aonwe na bibi ambaye yuko huku chini.

Nikapiga kelele, "Anueni! Ndege inarudi!" Waliokuwepo wakaanza kukunja ya kwao. Tatizo ni maturubai ambayo wenyewe walishaanika wakaenda shamba. Hayo hakuna aliyeyagusa.

Wenzetu wa mikoa mingine mnatutania kwamba Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Mnatuonea, lakini si sana. Kugusa mavuno ya mtu asipokuwepo, halafu yakichanganyika na yako, hiyo kesi utairithisha wajukuu. Watu wakasimama na ncha za maturubai yao mkononi, wanatazamana.

Injini ikasikika.

Ndege ikashuka, ikaona uwanja umejaa, ikapanda tena ikaanza kuzunguka. Pembeni kote ni miiba na makorongo, hakuna pa kutua.

Hapo ndipo Kapteni akafika na bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Akaangalia juu, akaninong'oneza, "Mafuta niliyoacha humo si mengi."

Mama akaniuliza, "Kwani anayerusha ni nani?"

"Mama, ni Endi."

Akainua uso, akatazama muda mrefu. "Endi wetu?"

Halafu wakuu, yule bibi akashika turubai lake akamwaga maharage yake yote juu ya turubai la jirani ambaye hayupo. Akaanza kuliburuta. "Anueni yote! Ya mtu na yasiyo ya mtu! Changanyeni! Kesi nitajibu mimi!"

Baba mmoja akaanza, "Lakini mama, hayo ya njano ni ya mzee..."

"Na huyo aliyeko juu ni wa nani?"

Yule baba akainama akashika ncha ya turubai. Sijawahi kuona watu wakikimbia vile. Mekundu, ya njano, meupe, yote yakawa kilima kimoja pembeni ya uwanja.

Kapteni akasimama mwisho wa uwanja anaongea peke yake. "Taratibu... usiogope... pua juu kidogo..."

Ndege ikagusa chini, ikadunda, ikadunda tena, mimi nikafumba macho. Nilipofumbua ilikuwa inakimbia juu ya changarawe, na upepo wa propela ukachota maharage na mawe ukatupiga nayo usoni sote. Ikasimama karibu kabisa na banda.

Endi akashuka analia. "Mjomba, nimezunguka kwa Bibi mara tatu, hata hakutoka nje!"

Kisha akamwona Bibi.

Bibi alimchapa mgongoni na kitenge, kofi moja la nguo, halafu akamkumbatia. "Nimekuona. Nimeamini. Usirudie mpaka mzee akuruhusu."

Mimi nililia, sioni aibu kusema.

Kapteni alichomoa ufunguo akautia mfukoni. Akamwambia tu, "Umetua vibaya." Akaenda nyuma ya banda. Nilipomfuata nilimkuta amechuchumaa, kaufumbata ule ufunguo kwa mikono miwili. Baadaye alikwenda kujiripoti mwenyewe kwa wahusika, akasema kosa la ufunguo ni lake. Ndege ikafungiwa kwa muda, na yeye akapewa onyo kali.

Kesi? Ilikuwepo, sisi ni Wapare bwana. Ila kila mtu alipoulizwa yake ni yapi kwenye kile kilima, hakuna aliyejua. Ikaamuliwa Endi ayachambue kwa ungo hadi likizo iishe. Bibi akakataa kurudi Mbaga. Akakaa naye kwenye kigoda, wanachambua pamoja, anamuuliza ndege inapindaje kona.

Funzo nililopata: ufunguo wa chombo usiutundike msumarini kwa kuamini kijiji ni kidogo. Na mtoto akikwambia anaweza kitu, nenda ukaone kwanza ndipo ucheke. Kicheko chetu cha Krismasi kilikaribia kutugharimu mtoto.

Nyie mngemfanya nini? Kuna watu hapa kijijini bado wanasema alistahili fimbo. Karibuni tuvutane, ila matusi hapana, dada yangu naye yumo humu anasoma.

Nimalizie na hili. Changarawe zile hazikuisha kwenye maharage. Juzi tuko Mbaga tunakula makande, nikauma jiwe hadi jino likalia. Meza nzima ikaacha kula, ikamgeukia Endi. Akainamia sahani yake.

Bibi hakuinua hata kichwa. Alionja makande yake, akasema, "Rubani, lete chumvi."