Meseji Elfu Moja Mia Tisa kwa Mke wa Mtu

Jumanne asubuhi mzee mmoja aliingia kliniki ninayofanyia kazi, akasimama katikati ya benchi za wagonjwa, akauliza kwa sauti ya kutosha majengo mawili:

"Ni mwanamume gani humu anayemwita mke wangu mpendwa?"

Dada wa mapokezi hakujiumauma. Alininyooshea kidole.

"Meseji zote anatuma yule pale, mwenye miwani."

Mwenye miwani ni mimi.

Ngoja niwaeleze nilifikaje hapo.

Nilikuwa wiki ya sita kazini, bado niko kwenye majaribio. Kazi yangu ni kutunza kanzidata, yaani kumbukumbu zote za wagonjwa zilizo kwenye kompyuta. Daktari mkuu alitaka wagonjwa wanaokwepa miadi wakumbushwe kwa meseji. Muuguzi mkuu akatunga maneno mwenyewe, maana ya kwangu alisema yanasikika kama wito wa polisi.

"Mpendwa, kesho saa tatu asubuhi tunakusubiri kliniki, chumba namba nne. Njoo bila kula."

Nikakaa na SQL, ile lugha ya kuzungumza na kanzidata, nikaandika kitanzi. Kitanzi ni amri zinazozunguka: mchukue mgonjwa wa kwanza asiye na alama, mtumie meseji, mtie alama, subiri nusu dakika, rudi mwanzo. Wasio na alama wakiisha, simama.

Wagonjwa mia moja arobaini. Saa moja na ushee, mchezo umekwisha.

Nikaweka na mtego wa makosa. Kitu kikigoma, mtego unakidaka ili kazi isikatike. Sasa, ndani ya mtego unatakiwa uandike cha kufanya: toa taarifa, mruke huyo, nenda kwa anayefuata.

Mimi niliuacha mtupu. Nikajiambia nitaujaza kesho.

Jumatatu saa kumi jioni nikabonyeza, nikabeba begi, nikaondoka napiga mluzi.

Sasa mzee huyu hapa, mbele ya meza yangu, kashika simu ya mkewe kama kashika kielelezo cha mahakamani. Mkewe yuko nyuma yake, ametulia, amekumbatia mkoba.

Simu ikalia. Tii.

"Unaona? Hata aibu huna. Nimesimama mbele yako na bado unatuma."

"Mzee wangu, shikamoo. Naomba nikueleze..."

"Shikamoo yako kaa nayo. Jana jioni mpaka sasa, meseji elfu moja mia tisa. Nikipiga, hupokei. Hicho chumba namba nne kina nini?"

"Mizani," nikasema. "Na kitanda cha kupimia."

"Kitanda," akarudia taratibu, akiwageukia wagonjwa benchini ili wote wasikie.

Mkewe akashusha pumzi. "Nimemwambia sina mtu. Mimi huyu mmoja tu ananichosha."

Tii.

Niliivamia kompyuta. Kitu cha kwanza, nikakikata kitanzi. Simu ikanyamaza. Kisha nikatazama kilichotokea.

Mgonjwa wa kwanza kwenye orodha alitumiwa meseji vizuri kabisa. Lakini faili lake halikuwa na mwaka wa kuzaliwa, na mfumo wetu haukubali kugusa faili la namna hiyo. Alama ikagoma kuingia. Mtego ukalidaka kosa, na kwa kuwa niliuacha mtupu, ukalimeza kimya kimya. Kitanzi kikarudi mwanzo, kikamkuta yule yule, bado hana alama.

Wenzake mia moja thelathini na tisa hawakupata hata neno.

Nikasoma jina la mgonjwa. Nikamtazama mzee. Nikasoma tena.

"Mzee, hizi meseji si za mama. Namba ni yake, lakini faili ni lako. Ulipimwa hapa miezi minane iliyopita."

Mzee alishusha mkono wenye simu.

"Siku ile simu yangu ilikuwa kwa fundi," akasema, akiongea na sakafu.

"Ulipimwa nini?" mkewe akauliza.

"Sukari. Ilipanda kidogo tu."

"Miezi minane nakukorogea chai vijiko vinne, na wewe umenyamaza?"

Wivu ukahama upande, ukawa hasira ya mama. Bahati nzuri daktari mkuu alikuwa ametoka kuona kelele ni za nini.

"Mzee, umekula leo?"

"Nitakula vipi na mambo haya?"

"Vizuri. Na saa tatu ndiyo hii. Chumba namba nne."

Majibu hayakuwa ya utani. Daktari alifunga mlango akaongea nao nusu saa, na mzee akatoka na dawa na uso wa mtu aliyekwepa gari kwa inchi moja.

"Angechelewa miezi miwili mitatu zaidi, tungekuwa tunaongelea figo," daktari aliniambia pembeni. "Lakini barua ya onyo utaipata vilevile."

Ilibaki kujaza faili. Dada wa mapokezi akauliza mwaka wa kuzaliwa.

Mzee akamwinamia, akanong'ona.

"Sitini na tatu?" dada akarudia, kwa sauti yake ileile.

Mkewe akageuka polepole.

"Mimi ni wa sitini na moja."



"Miaka thelathini na minne ya ndoa, kila asubuhi nakuamkia shikamoo. Kumbe ni mdogo wangu?"

Mzee alitazama mlango. Mlango ulikuwa mbali.

"Nilidhani ukijua hutanikubali," akasema.

"Haya. Anza."

"Nianze nini?"

"Kuniamkia."

Na akaamkia, jamani, mbele ya benchi zote. Mama akaitikia marahaba kama aliyerudishiwa kitu chake, akamshika mkono wakaondoka.

Mimi nilishinda siku hiyo nikiwapigia wale mia moja thelathini na tisa, mmoja mmoja, kwa mdomo wangu. Kisha nikaujaza mtego.

Ndugu zangu, kosa likikugonga, litaje, liandike, mtu alione. Ukilimeza tu ili mambo yaonekane yanakwenda, hayaendi popote, yanazunguka palepale. Na wewe unayesoma hii huku umeficha cheti cha vipimo kabatini, mwambie mwenzio leo, kabla kompyuta ya watu haijamwambia.