Dagaa Wanaosubiri Hita

Leocadia Ticona hakuwahi kumsamehe shemeji yake Zenobio, na ukimwuliza kwa nini atakuonyesha magoti. Miaka tisa amesafiri nje, juu ya magunia ya lori, blanketi kichwani kama mgonjwa anayefukizwa, na huku ndani ya kabini kuna hita na kiti cha watu watatu. Kiti chake, sikiliza vizuri. Ng'ombe wake wawili ndio waliouzwa lori lile likanunuliwa. Zenobio hakutoa hata kuku.

Yeye alitoa maneno, maana hayo anayo. Ni kaka mkubwa wa Eulogio, mume wa Leocadia, na lori lilipobarikiwa kwa bia na maua, yeye ndiye aliyejiweka kuwa mlezi wa lori, kama baba wa ubatizo. Siku maudhi yalipoanza walikuwa wanatoka ziwani kwenda sokoni katika mji wa El Alto, juu milimani, alfajiri, baridi inauma mpaka meno. Eulogio akawasha hita. Ukatoka uvundo, we! Kama soksi iliyopikwa. Zenobio akavua kofia akajiziba nayo pua, kana kwamba kofia yenyewe inanukia waridi.

"Shemeji, hao ni dagaa wako au ni sketi zako?"

Dagaa wakavu aliuza, ni kweli, kifurushi kimefungwa mara tatu. Na sketi alivaa tano, moja juu ya nyingine, kama mwanamke yeyote anayejiheshimu, na zote zimefuliwa. Akamgeukia mumewe aseme neno. Eulogio akatazama barabara. Mtu yule mbele ya kaka yake hana mdomo, ana masikio tu.

"Panda juu kidogo, mama Rufina," akamwambia mkewe. "Harufu ikiisha utashuka."

Haikuisha. Leocadia yuko nje na dagaa wake, na kabini bado inanuka. Mwenye akili angejiuliza. Zenobio akasema, "Imeshaingia kwenye sponji ya viti. Harufu ya mwanamke wa dagaa haitoki hivi hivi." Wakabadilisha viti. Wakatundika vitunguu saumu, wakatundika majani ya mkalitusi, wakatundika kikaratasi cha manukato cha dukani, sasa ikanuka soksi iliyopakwa marashi.

Basi Zenobio akasema dawa ni baraka. Kila Jumanne ya sikukuu ya karnivali lori hunyunyiziwa bia kama malori yote, Pachamama, mama ardhi, apate chake na breki zishike. Lakini yeye alizidisha, akafanya kila safari. Chupa kwenye boneti, chupa kwenye kioo cha mbele, petali za njano kwa viganja, vikaratasi vya rangi, peremende, majani ya koka. Harufu ikizidi, anaongeza bia. Akiongeza bia, harufu inazidi. Na nusu ya kila chupa aliipitisha kooni mwake, eti kuonja kama Pachamama ataipenda.

Huko juu Leocadia akizidiwa na baridi, au haja imembana, aligonga paa la kabini kwa ngumi. Dirisha la kabini halijawahi kufunga vizuri, kwa hiyo alimsikia Zenobio anavyojibu chini: "Upepo tu huo. Endesha." Na Eulogio anaendesha.

Sasa mwaka huu, mwezi wa sita, kifua kikaanza kumlilia kama mlango usiotiwa mafuta. Binti yake Rufina akaja juu: "Mama, kwenye magunia hupandi tena. Kama si kabini, utabaki nyumbani." Kubaki nyumbani ni maneno ya kusema tu. Asiyefika sokoni Alhamisi, jirani anasogeza kitambaa chake mpaka mahali pako, na Alhamisi inayofuata hamjuani. Leocadia akaona mambo ni mawili: kiti chake, au aagane na biashara yake.

Alfajiri ya Alhamisi akafika kwenye lori mapema. Wanawake wa vitunguu walikuwa wanapakia magunia yao, na Zenobio amesimama mbele ya boneti na chupa mbili za bia kwapani.

"Shemeji, magunia yanakungoja huko juu," akasema.

"Yangoje. Eulogio, washa injini. Hita usiwashe."

Akapanda kabini na kifurushi chake cha dagaa, akakiweka kitini, akavuta pumzi mpaka kifua kikalia. Akamwambia mumewe naye avute.

"Unasikia nini?"

"Baridi," akasema Eulogio.

"Haya, washa hita."

Injini ilipopata moto, soksi ile ikapanda. Eulogio akakohoa. Leocadia akashuka na dagaa wake, akaenda kusimama mbali, kule kwenye ukuta.

"Na sasa?"

"Bado inanuka."

"Basi hawa ni dagaa gani wanaosubiri hita iwashwe, na hata lorini hawamo?"

Wanawake wa vitunguu wakaacha kupakia. Zenobio akacheka peke yake. "Joto linaiamsha, shemeji. Ilishakolea siku nyingi."

"Mimi nimekaa juu ya kichwa chako miaka tisa, shemeji. Kila ukimwaga nakuona. Maua na bia vinaingia pale, kwenye matundu ya chini ya kioo, waipa zinapolala. Vinaingia. Sijaona hata siku moja vikitoka. Na upepo wa hita unaingilia wapi kama si hapo?"

Eulogio akachukua bisibisi.

"Mdogo wangu, unalifungua lori nililolibariki?"

Eulogio, kwa mazoea, akatafuta barabara ya kutazama. Hapakuwa na barabara, palikuwa na mkewe. Akafungua.

Kilichotoka usiombe kukiona. Uji mweusi, mzito, ndoo nzima: petali zilizooza, vikaratasi, koka, peremende zimegandana kama gundi, na katikati panya aliyekufa, na kwa jinsi alivyolala nadhani alikufa amelewa. Ukanuka uani kote.

"Panya!" Zenobio akapiga kelele. "Si nilisema kuna mnyama!"

"Ulisema ni mimi."

Mwanamke mmoja wa vitunguu akaketi chini kwa kicheko. "Jamani, kumbe shemeji anapika pombe ndani ya lori!"

Zenobio akasema bia ya siku hizi ni mbovu. Eulogio akaosha, akakausha, akafunga, akawasha hita. Likatoka joto tupu, halina harufu ya kitu. Leocadia akapanda kitini pake na sketi zake tano. Zenobio akashika mlango apande naye.

"Pamejaa," akasema Leocadia.

"Shemeji, kiti ni cha watatu."

"Ndiyo. Mimi, bwana wangu, na dagaa." Akaweka kifurushi katikati, akakilegeza kamba wapate hewa. "Chukua blanketi langu. Lina joto kidogo, halina sana."

Zenobio akapanda juu ya magunia, na Eulogio akatia gia.

Walipofika kwenye kilele, barafu nyeupe pande zote, wakasikia ngumi juu ya paa. Mara ya kwanza, mara ya pili, halafu mfululizo. Eulogio akaondoa mguu kwenye mafuta.

"Mama Rufina, nisimame?"

Leocadia alikuwa amenyoosha magoti mbele ya hita, anamenya kiazi cha kuchemsha, anakila na dagaa.

"Upepo tu huo," akasema. "Endesha."