Laini Iliyoliwa na Kuku

Nilimwaga unga wa mama wa ugali nikachora nao laini ya uwanja. Haya, nimesema. Ulikuwa unga wa muhogo, ule mweupe wenye harufu ya kuchacha kidogo, na mpaka leo nikiisikia harufu hiyo sikumbuki chakula. Nakumbuka vidole vya mguu vya Etyang.

Nilikuwa gredi ya nne. Sisi watoto wa Chakol tulikuwa tunacheza na wa Malaba, na timu ya kushinda ingekaa na mpira wa ngozi likizo yote. Wengine warudie wa matambara. Mimi nilipewa bendera, soksi nyekundu kwenye fimbo, kazi ambayo kwetu hupewa mtu asiyetakiwa na timu yoyote. Laini za majivu zilikuwa zimepeperushwa na upepo, nami nilitaka uwanja ufanane na ule wa kwenye TV.

Shida ni kwamba kuku hawatazami TV. Kufikia kipindi cha pili walikuwa wamekula karibu upande wangu wote, wakabakisha vipande.

Jua likielekea kuzama, tukiwa sare, Etyang wa Malaba akapata mpira wa kurusha. Alirusha vizuri: ameangalia uwanja, mikono yote miwili, mpira ukatoka nyuma ya kichwa, miguu yote chini. Mwenzake akaupiga kichwa. Bao!

Nikainua soksi yangu.

"Amekanyaga laini!"

"Laini gani?" Etyang akafoka. "Si kuku zenu zimemeza!"

Refa, mtu wa boda aliyekuwa amekosa abiria, akaja polepole. "Boss, uko na ushahidi?"

"Mwambie ainue mguu."

Akainua. Vidole vyeupe pepepe. Chakol wakapiga mayowe, refa akafuta bao, na muda si mrefu sisi tukafunga la kwetu.

Nilifika nyumbani nimekumbatia mpira kama mtoto mchanga. Mama alitazama debe la unga, akanitazama mimi.

"Sawa," akasema. "Weka hiyo mpira kwa sufuria. Ikiiva, uniite."

Tulilala na chai ya rangi.

Sasa niko sekondari. Juzi mwalimu wa michezo alituambia kwamba anayerusha anaruhusiwa kukanyaga laini, mradi asiivuke akaingia uwanjani. Kumbe ule unga niliomwonyesha refa ulikuwa unamtetea Etyang, na likizo nzima alipiga matambara kwa sababu yangu.

Nilipofunga shule nikamweleza mama, nikidhani atacheka. Alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama.

"Yaani ile usiku tulilala na chai ya rangi, ilikuwa juu ya mpira ya watu?"