Waya Nilizochomoa

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya Ijumaa, na kuikumbuka kwenyewe ni adhabu. Unaponiona leo nimeketi mbele kanisani hapa kambini Dzaleka, watu wakiniita papa, yaani baba, na kunipisha kiti, usidhani nilizaliwa na busara. Nilikuwa kijana hodari wa mikono, lakini kijicho kilinijaa.

Nilikuwa na rafiki, Espérance, mshonaji, mtu wa kwetu Bukavu. Tulinunua radio mbovu kule Lumbadzi, tukazifumua, tukatengeneza masanduku ya sauti. Sanduku moja lilitoa mlio, la pili liliukatakata, la tatu liliurudisha kama mwangwi. Ukiyaunganisha kwa waya na kuzungusha vifungo, muziki unatokea, dakika moja au mbili, basi. Wengine walituita wendawazimu, na sikuwalaumu. Ila ujue jambo hili: masanduku yale hayakuwa na kumbukumbu. Ukichomoa waya, mlio umekwenda.

Mama yake Espérance alikuwa fundi cherehani maarufu. Vita vilimfanya aiache mashine yake, na huku ukimbizini macho yakamfia. Basi Espérance alitumia masika mazima kuutafuta mlio wa cherehani ile: pedali inakimbia, inanyamaza mama akikata uzi kwa meno, inakimbia tena. Siku alipoupata alilia. Hakuurekodi, alitaka mama ausikie kwanza, Jumapili baada ya ibada.

Mimi nilikuwa nimealikwa kupiga muziki Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa Kawale, Lilongwe.

“Usiguse masanduku mpaka dimanche,” Espérance aliniambia, yaani Jumapili. “Mama asikie kwanza. Ni hiyo tu mi nakuomba.”

Nikasema ndiyo. Ulimi hauna mfupa, mwanangu.

Ijumaa, alipokwenda kisimani, nilichora kwenye karatasi kila waya ulipoingia, kisha nikazichomoa zote. Nilijiona mjanja. Nikapakia masanduku kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, kisha minibasi, nikaenda zangu. Kawale walinipigia makofi, nami nikarudi kifua mbele.

Jumapili nikaunganisha waya kwa kufuata mchoro. Ukatoka mkwaruzo. Nilisahau kwamba kule Kawale vifungo nilikuwa nimevizungusha, na kifungo kikisogea kidogo tu, mlio ni mwingine. Mama alikuwa ameketi na kitenge chake cha kanisani, kichwa ameinamisha, anasubiri. Espérance alizungusha hiki, akazungusha kile, mlio ule haukurudi.

“Nilijua nitarudisha,” nikasema.

Mama ndiye aliyenijibu, polepole, bila hasira. “Mutoto yangu, ulifumua kanzu ya mwenzako juu ya kupata uzi. Sasa we uko na uzi. Yeye iko na nini?”

 

Maji yakimwagika hayazoleki. Espérance hakuyagusa tena masanduku. Mama alizikwa hapa hapa, hajausikia ule mlio. Nilimwomba Espérance radhi, na msamaha alinipa. Mlio hakuwa nao wa kunipa. Tukikutana sokoni ananisalimu vizuri sana, kama mtu anavyomsalimu karani asiyemjua. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kazi ya mwenzako ambayo haijakamilika usiiguse, hata kama vyombo ni vyenu nyote wawili. Ukiombwa kungoja, ngoja, makofi yasikuite. Na ukijisikia unasema “nitarudisha,” ondoa mkono wako hapo, maana mwizi anayeiba mara ya kwanza husema hivyo hivyo, na husema kweli moyoni mwake.

Mungu akupe ustadi, na akupe haya ya kuuzuia ustadi huo. Akujalie uzee ambao, mtu uliyemkosea akikusalimu, utaweza kumtazama machoni. Mimi siwezi.