Ananiomba Nigeuze Shingo Tu, na Mimi Nilikula Kiapo

Admin, shikamoo kama umenizidi. Jina langu baki nalo mwenyewe, maana Njombe hii watu wanajuana mpaka kwa mwendo.

Mimi ni mama, nimevuka hamsini, nina cherehani yangu mtaa wa Ramadhani na watoto wameshajitegemea. Mume wangu ni mtu mwema lakini hili halijui. Nawaandikia kwa sababu kuna mtu anakufa, na kitu anachokitafuta ninacho mimi.

Nianzie mbali kidogo. Miaka ile vyama vingi vimeruhusiwa, mitumba imeingia kwa fujo na mashamba makubwa yanapata wamiliki wapya, mimi nilikuwa msichana nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, naimba kwaya usharikani. Kikaja kikundi cha haki za binadamu cha watu wa dini, chenye wenzao nchi nyingi, kinatafuta vijana wa kujitolea kuwa watazamaji. Kazi ya mtazamaji ilikuwa kukaa tu. Unakaa mahakamani, unakaa kwenye vikao vya watu waliodhulumiwa, ili wenye nguvu wajue kuna macho. Tulitembea wawili wawili, na mwenzangu alikuwa kijana wa Kiislamu wa Makambako ambaye baba yake alikuwa na malori.

Semina ilikuwa hukohuko Makambako. Mama mmoja wa Kizungu alitufundisha namna ya kuweka sura: usitikise kichwa, usigune, usiseme pole. Sisi Wabena ukisimuliwa jambo usipoitikia "eee" unaonekana una kiburi, kwa hiyo nilipata taabu mpaka mwenzangu akawa ananicheka. Mwisho tukala kiapo, mimi na Biblia, yeye na Msahafu. Anachokuambia shahidi kwa siri hakitoki bila ruhusa yake.

Shahidi wetu wa kwanza wa siri alikuwa mlinzi wa shamba la miti, upande ambao sitautaja. Alikuja mchana kweupe, tukakaa naye chumba cha mchungaji. Alituambia kuna mtu alikamatwa anakata nguzo shambani, walinzi wenzake wakampiga hadi akafa. "Mimi sikumpiga," alisema. "Mimi niliambiwa nichimbe." Kisha akatueleza mahali penyewe, mti kwa mti. Kijijini ilitangazwa kwamba yule bwana ametoroka, kaenda Chunya kutafuta dhahabu. Mlinzi alipoinuka alituambia, "Nina watoto, wanangu. Nikifa, semeni. Nikiwa hai, hapana."

Taarifa ilipelekwa ng'ambo bila jina wala mahali. Tukaambiwa imesomwa mkutanoni. Hakuna aliyekuja mpaka leo. Mwenzangu alifariki kwa ajali ya lori, Mungu amrehemu, na kikundi chenyewe kilishakufa. Tumebaki mimi na mlinzi.

Sasa mke wa yule aliyeuawa shambani, nimwite Bibi, tunasali naye usharika mmoja. Mlinzi naye anasali hapohapo, sasa ni mzee. Tangu mumewe apotee, mlinzi ndiye anayemlimia Bibi viazi. Bibi humsifu kwa kila mtu, na akivuna humpelekea debe. Mimi nasikia hayo, naitikia "eee", nameza mate.

Mwezi uliopita Bibi alikuja kwangu nimshonee gauni jeupe. Aliniambia wazi kwamba ni la kuzikiwa, kwa sababu hospitali wamewaambia wanawe wampeleke nyumbani akapumzike. Nilikuwa nampima mabega aliponisalimia upya kwa Kibena, akasema, "Kamwene, mwanangu. Nyinyi mliokuwa mnakaa kimya mnajua alipo mume wangu, baba Tumaini."

Nikamwambia, "Bibi, ile ilikuwa zamani."

"Siku ile kwenye kikao cha waliodhulumiwa nilipotaja jina lake, mwenzako alinitazama. Wewe ulitazama chini." Alikuwa anaongea taratibu, hana hasira kabisa. "Mtu aliyekwenda Chunya hutuma salamu hata mara moja. Sikuulizi nani, wala sikuulizi kwa nini. Nataka watoto wanizike nimeelekezwa aliko. Jumapili tukitoka ibadani tusimame mlangoni, wewe geuza shingo tu. Mdomo wako utakuwa haujasema kitu."

Kanisa letu liko juu kilimani. Ukisimama mlangoni unaona mashamba ya miti pande zote. Nikigeuza shingo Bibi atajua, na atajua zaidi ya alichoomba, kwa sababu upande ule mtu wa kwetu aliyekuwa mlinzi ni mmoja tu.

Nikamfuata yule mzee. Nilimkuta shambani kwa Bibi, anapalilia.

"Baba, Bibi anakufa. Niruhusu."

"Ulishika Biblia, binti."

"Anataka upande tu, baba."

Akakung'uta udongo kwenye jembe, halafu akasema, "Nilisema nikifa. Mimi bado niko hai. Na akijua, siku zilizobaki nani atamlimia?" Akainama, akaendelea na jembe lake.

Jamani, mimi nateseka. Yule mzee akikohoa kanisani, moyo wangu unaruka kwa furaha, nasema labda atatangulia yeye, niwe huru. Mimi Mkristo, nimekaa kwenye benchi la ibada, naombea mtu afe. Na hiyo miti, ambayo nimeiona tangu utoto, sasa siwezi kuitazama bila kuhesabu mashina kutoka barabarani, kama alivyotuelekeza.

Jumapili mbili nimejifanya mgonjwa. Hii inayokuja siwezi tena, kwa sababu gauni limekwisha na Bibi ametuma ujumbe kwamba nije nalo kanisani tuagane. Atasimama pale mlangoni amenishika mkono. Mkono wake wa pili atakuwa ameushika yule mzee, maana ndiye humsaidia kushuka ngazi.

Nishaurini ndugu zangu. Nigeuze shingo, au nitazame chini tena?