Nukta Nyeupe

Fundi wangu hagusi usukani kabla ya kunawa mikono hadi viwikoni, kama anayekwenda kumbeba mtoto mchanga. Gari lenyewe ni la Kijapani, la mbio, la milango miwili, na limenizidi umri. Nililinunua likiwa halitoi hata mlio, majirani wakasema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Fundi alilizunguka mara tatu, akaguna, akavua saa. Leo linanguruma, na kila likiwaka namshukuru kimoyomoyo. Akifanya kazi hupiga mluzi kwa kuvuta pumzi ndani, na kila nati akishaikaza huitia nukta ya rangi nyeupe ya kucha, ile ambayo mkewe amechoka kuidai. Nati isiyo na nukta, kwake, haijakazwa.

Jumapili moja asubuhi alinipigia simu. "Bosi, usiwashe gari. Kuna nati moja ya breki, sikumbuki kama niliitia nukta." Nusu saa baadaye alikuwa getini, suruali imepigwa pasi, spana mfukoni. Alitandaza gazeti akaingia chini ya gari. Nukta kweli haikuwepo, lakini alipoijaribu, nati ilikuwa imekaza barabara. Hata hivyo alifungua kichupa chake, akaitia nukta.

"Pole, fundi," nikamwambia. "Umekuja bure."

Alijipangusa vumbi magotini bila kuniangalia. "Bure vipi, bosi? Humu anapanda binti yako. Nimekuja ili na mimi leo nilale."